Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Craig Federighi: Ombi Dogo Kutoka Ufuko wa Mweru

Kwa Mheshimiwa Craig Federighi,
Makamu wa Rais Mwandamizi, Uhandisi wa Programu,
Kampuni ya Apple,
Cupertino, California, Marekani.

YAH: OMBI LA RUHUSA YA KUMALIZIA KAZI KWENYE KISHIKWAMBI KILE KILE ILIPOANZIA

Mheshimiwa,

Nakuandikia kutoka Kashikishi, mji wa samaki ulioungana na Nchelenge, kusini-mashariki mwa Ziwa Mweru, mkoa wa Luapula, Zambia. Huku kwetu, mtu anayefika mbele ya Mwata Kazembe, chifu mkuu wa jadi, pale Mwansabombwe hupiga magoti na kupiga makofi taratibu kabla ya kufungua kinywa. Karatasi haina magoti, lakini naomba uhesabu kwamba makofi yamekwisha kupigwa. Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe. Nimekupisha, Mheshimiwa, haya nayasema nikiwa pembeni mwa njia, nisije nikakuzuia kupita.

Utaniwia radhi pia kwa lugha. Upande huu wa ziwa watu husema Kibemba. Kiswahili hutufikia kwa boti kutoka ng'ambo, Pweto na Kilwa (hii ya Kongo, si ile ya Kisiwani), kwa vinywa vya wafanyabiashara wa samaki. Tangu 2017 kimekuja pia na ndugu waliokimbia mapigano ya Haut-Katanga na Tanganyika, wakapokewa Kenani, na mwaka 2018 wakaanza kupewa makazi Mantapala, humu humu wilayani. Najua Siri, msaidizi wako, hajajaliwa kujifunza Kiswahili, hivyo hataweza kukusomea barua hii. Usimlaumu, ana kazi nyingi.

Kabla ya ombi, shukrani. Tarehe 27 Januari 2010 marehemu Steve Jobs aliketi kwenye kochi mbele ya watu akaonyesha iPad ya kwanza, na wapo waliocheka wakisema ni simu iliyonenepa. Leo hawacheki. Mwishoni mwa 2020 mliweka chipu ya M1 kwenye kompyuta zenu za Mac, na mwaka uliofuata mkaitia chipu ile ile ndani ya iPad Pro. Mei 2024 mkafanya kubwa zaidi: M4 ilianzia maisha kwenye kishikwambi, Mac zikaingoja hadi mwishoni mwa mwaka. Na kishikwambi chenyewe, kile cha inchi 13, unene wake ni milimita 5.1. Mwaka 2023 mlikipa Final Cut Pro na Logic Pro, wahariri wa video na watengeneza muziki wakapata cha kushika. Septemba 2025, kupitia iPadOS 26, mkaturuhusu kufungua madirisha mengi, kuyapanua na kuyasogeza tutakavyo, hata menyu ya juu tukaipata kama ile ya kompyuta. Tumepokea kwa mikono miwili.

Ombi langu linahusu kitu kimoja ambacho bado hakijaletwa, nacho ni ruhusa. Nguvu tunayo. Nakumbusha kwa heshima tu kwamba mwaka 2021 ziliuzwa iPad Pro zenye kumbukumbu ya GB 16, na mfumo wa wakati ule haukuiachia programu moja itumie zaidi ya GB 5 hivi. Zilizobaki zilikuwa zimelipiwa, zimekaa. Baadaye mlilegeza, nasi tukashukuru. Nalitaja jambo hili kwa sababu chuma hakikubadilika. Iliyobadilika ni amri. Na amri, Mheshimiwa, hutoka ofisini kwako.

Niruhusu nikueleze kazi ya huku, maana huenda haijawahi kufika mezani pako. Ziwa Mweru lina zaidi ya kilomita za mraba 5,000, na mpaka wa Zambia na Kongo unapita majini humo. Mto Luapula huingilia kusini. Kaskazini, pale Pweto, maji hutoka kwa mto Luvua kwenda kukutana na Lualaba. Watu wanaishi kwa perege na kwa chisense, dagaa wadogo wanaovuliwa usiku kwa taa, wakaanikwa mchangani, wakapakiwa magunia kwenda miji ya Copperbelt na Kongo. Kila mwaka, kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari, uvuvi hufungwa upande wa Zambia ili samaki wazaane.

Penye kufungwa na kufunguliwa pana kuhesabu. Karani wa uvuvi anatakiwa asimame ufukweni boti zinapotua, apime samaki, aandike aina ya nyavu na ukubwa wa matundu yake. Mhudumu wa afya hupita nyumba kwa nyumba, kwa sababu Nchelenge ni miongoni mwa wilaya zinazosumbuliwa sana na malaria nchini. Mbu mkuu wa hapa, Anopheles funestus, amejenga usugu dhidi ya dawa za jamii ya pyrethroid, kwa hiyo kujua ni nyumba ipi imepuliziwa dawa, ya aina gani na lini, si jambo la mapambo. Kwa zaidi ya mwongo mmoja watafiti wa kituo cha utafiti cha TDRC cha Ndola na wenzao wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Baltimore wamekuwa wakiufuatilia ugonjwa huu wilayani, wakichagua kaya kwa msaada wa picha za setelaiti. Mantapala kuna wakimbizi wa kuandikishwa na wanafunzi wa kupangiwa madarasa.

Na Agosti 2022 makarani wa sensa walipita na vishikwambi kwa mara ya kwanza katika historia ya Zambia, wakakuta watu wapatao milioni 19.6. Kenya ilikuwa imetangulia mwaka 2019. Tanzania, mwezi ule ule wa Agosti 2022, ilihesabu watu 61,741,120 kwa njia hiyo hiyo, na sensa ilipokwisha vishikwambi vikagawiwa walimu. Kwa hiyo usione tunabisha hodi kwa jambo la kigeni. Vishikwambi tumevizoea. Nakiri tu, na natumaini haitakuudhi, kwamba vingi tunavyoviona ni vya Android na vya bei ya chini. Nakuandikia wewe kwa sababu wenzako wa biashara hiyo, kabla ya kuamua lolote, hutazama kwanza umeamua nini.

Kazi zote nilizozitaja zina nusu mbili. Nusu ya kwanza ni kukusanya, na hapo kishikwambi ni mfalme. Kina kamera, kinajua mahali kilipo, kinaguswa kwa kidole, hakina feni ya kuvuta mchanga, na kinashikika mtu akiwa amesimama kwenye maji ya magoti. Nusu ya pili ni kuunganisha, kusafisha, kukokotoa, kuchora ramani na kuandika ripoti. Hapo kishikwambi hushushwa cheo kikawa tarishi: kazi yake ni kupeleka kilichokusanywa kwa kompyuta iliyo mahali pengine.

Tazama CSPro, programu ya bure ya Ofisi ya Sensa ya Marekani ambayo ofisi nyingi za takwimu barani Afrika huitumia. Karani hujaza fomu kwenye kishikwambi cha Android, lakini fomu yenyewe hubuniwa, na majedwali hutolewa, kwenye kompyuta ya Windows. Kwenye iPad yako haimo kabisa. QGIS, programu ya ramani ambayo nayo ni ya bure, ina mdogo wake anayeitwa QField, huyo ndiye huenda mashambani na kishikwambi; mkubwa hubaki ofisini kwenye kompyuta. R, ambayo wataalamu wa samaki na wa malaria huitegemea kwa hesabu zao, haina mlango rasmi wa kuingilia kwenye iPad. Hata Excel, ambayo kila ofisi inaijua, ile ya iPad haiendeshi makro za VBA, na zipo ofisi za umma zinazoishi kwa makro zilizoandikwa na mtu aliyekwisha kustaafu.

Matokeo yake, Mheshimiwa, vifaa vimegawanywa na watu wakagawanyika navyo. Ufukweni wanabaki wanaokusanya. Wanaokokotoa wako Mansa, Lusaka, Baltimore na Geneva. Takwimu huondoka hapa usiku mtandao ukiwa na nafuu. Zikirudi, kama zitarudi, huwa ni ripoti ya Kiingereza yenye jalada zuri, samaki waliohesabiwa wakiwa wamekwisha kuliwa siku nyingi. Kijana wa Kashikishi aliyesoma takwimu chuoni, akarudi nyumbani akapata kazi ya mradi, hukabidhiwa chombo chenye chipu ya kutosha kwa kazi ya bosi wake, kikiwa kimefungwa kifanye kazi ya karani. Naye huzoea. Hiyo ndiyo hasara ninayoiogopa kuliko zote, kwamba atazoea.

Fikiria angeweza kufanya nini kama ruhusa ingekuwapo. Jioni ile ile angepanga samaki wa siku kwa urefu, akaona kama wanaovuliwa wamekwisha kuzaa au bado ni watoto. Angelinganisha nyavu za matundu mapana na za matundu madogo. Kwenye mkutano wa wavuvi kabla ya Desemba angewaonyesha mchoro wa ufuko wao wenyewe, uliotokana na samaki waliowavua wenyewe, akiueleza kwa Kibemba na, panapohitajika, kwa Kiswahili. Mvuvi hubishana na amri ya Lusaka kwa urahisi. Kubishana na samaki wake mwenyewe ni kazi ngumu zaidi. Vivyo hivyo mhudumu wa malaria angeiona ramani ya nyumba zilizorukwa kabla timu ya kupulizia dawa haijafunga mizigo, badala ya kuisoma katika ripoti msimu ukiwa umepita.

Ziwa hili lina sababu ya kuogopa kuchelewa. Zamani samaki waitwao mpumbu walikuwa wakipanda mto Luapula kwa makundi makubwa wakati wa mafuriko ili kutaga, na wavuvi wakawawekea nyavu njiani, mayai yakiwa bado tumboni. Kufikia miaka ya 1950 uvuvi ule ulikuwa umeporomoka. Sisemi kwamba kishikwambi kingewaokoa mpumbu. Nasema kwamba anayesimama ufukweni ndiye wa kwanza kuona samaki wakipungua ukubwa, na ndiye wa mwisho kupewa chombo cha kuthibitisha alichokiona.

Takwimu hupita tu hapa kwenda kwingine, wala si mara ya kwanza kwa ufuko wetu kuwa njia ya kupitia. Shaba na fedha ya mgodi wa Dikulushi, ng'ambo ya ziwa, iliwahi kuvushwa kwa matishari kutoka Kilwa hadi upande huu, ikapakiwa kwenye malori ikaenda zake. Na zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Kongo, kusini mwa ile tuliyoizoea kuiita Katanga, ikaingia kwenye betri za vyombo vya kila aina. Mali ghafi hutoka. Kilichokamilika hurudi na bei yake. Naomba radhi nikionekana nalalamika. Nilikuwa nakueleza jiografia.

Najua jibu la haraka: basi nunueni kompyuta mpakato, Apple inaziuza pia, na nzuri. Ni kweli tupu. Lakini mwenye fedha ya vyombo viwili atanunua viwili, naye hana haja ya kukuandikia. Mimi naandika kwa ajili ya mwenye fedha ya kimoja. Akichagua mpakato, hataweza kuushika kwa mkono mmoja huku akipima samaki kwa mwingine. Akichagua kishikwambi, ripoti itamshinda. Bei nayo haimsaidii. iPad Pro ya inchi 13 yenye M4 ilianza kuuzwa Marekani kwa dola 1,299 bila kibodi. Ongeza Magic Keyboard ya dola 349 na umeipita MacBook Air kwa mbali. Yaani mteja hulipa zaidi ili aweze kufanya pungufu. Nina hakika yapo maelezo mazuri, ila hayajafika Luapula.

Kuna suala la umeme pia. Mwaka 2024 ukame ulishusha maji ya bwawa la umeme la Kariba, mwezi Februari Rais Hakainde Hichilema akatangaza janga la kitaifa, na mgao ukawa mkali hata watu wakakaa sehemu kubwa ya siku bila umeme. Betri ya iPad Pro hiyo ya inchi 13 ina saa-wati 39 hivi. Paneli ndogo ya sola juu ya bati huijaza jua likiwaka vizuri. Kompyuta ya mezani ya ofisi, ile yenye haki ya kuendesha programu kamili, humsubiri ZESCO, shirika letu la umeme. Hivyo siku za mgao chombo chenye umeme hakina ruhusa, na chenye ruhusa hakina umeme.

Sasa nije kwenye hoja yako mwenyewe, nikiisogelea kwa adabu. Mwaka 2018, mbele ya waandishi wa programu waliokusanyika San Jose, uliuliza kama mna mpango wa kuunganisha mfumo wa iPhone na iPad na ule wa Mac, kisha jibu likajaza ukuta nyuma yako kwa herufi kubwa: hapana. Juni 2025 ulifafanua kwa mfano wa mezani. Kijiko ni kizuri, uma ni mzuri, lakini ukiviunganisha hupati kijiko kizuri wala uma mzuri. Mfano mtamu, Mheshimiwa, nami sina elimu ya kuupinga. Ila huku ubwali, yaani ugali wetu, huliwa kwa mkono. Mkono huo huo hukata tonge, hulifinyanga, huchota mchuzi, huchambua mwiba wa samaki, na ukishanawa hushika kalamu. Hatujapata kumsikia mgeni akisema kwamba mkono umeharibika kwa kuwa na kazi nyingi. Tena hatuombi muunganishe. Tunaomba vyote viwili vikae kwenye sahani moja, mlaji achague. Chipu ile ile inayoendesha Mac iko ndani ya iPad tayari. Mtu akigusa kwa kidole, apate iPadOS. Akiunganisha kibodi, kipanya na kioo kikubwa, awe na haki ya kufungua macOS.

Tena jaribio hili lilishafanywa na jirani yako. Oktoba 2012 Microsoft ilitoa Surface RT, kishikwambi chenye sura ya Windows lakini kisichokubali programu za Windows ambazo watu walikuwa nazo. Februari 2013 ikatoa Surface Pro: nene, nzito, betri isiyomaliza siku ya kazi, lakini ikiendesha kila kitu. Julai 2013 Microsoft ililazimika kufuta dola milioni 900 kwenye vitabu vyake kwa sababu ya Surface RT zilizododa. Windows RT ikafa. Surface Pro, pamoja na kasoro zake, imeendelea kuzaa matoleo hadi leo. Wanunuzi walisamehe uzito, kunyimwa hawakusamehe. Na wengine wanasogea: Samsung ina DeX yake, inayokipa kifaa cha Android sura ya kompyuta, tangu 2017, na Google ilisema mwaka 2025 kwamba itaunganisha ChromeOS, mfumo wake wa kompyuta, na Android. Ningesikitika sana kuona kampuni yako, iliyotangulia katika chipu, ikiwa ya mwisho katika ruhusa.

Nisiwe mchoyo wa haki. Kufunga kwenu kuna faida, na huku faida hiyo inaonekana waziwazi. Fundi wa kompyuta wilayani ni wa kutafuta kwa tochi. Flashi moja ikizunguka ofisi tatu huacha virusi kwenye zote, na kompyuta za Windows zinaijua vizuri hadithi hiyo. iPad haiugui hivyo. Programu za kompyuta zimejaa vitufe vidogo vilivyopangwa kwa ncha ya mshale, si kwa kidole chenye magamba ya samaki. Na mtu ambaye kazi yake ni fomu moja tu, kumfungulia mfumo mzima ni kumtafutia ajali. Kwa hiyo siombi kila iPad igeuzwe kompyuta. Naomba hiari: anayetosheka abaki ilivyo, anayehitaji zaidi asome onyo, akubali dhamana, aendelee na kazi yake. Kwenye Mac mmempa mtu mzima heshima hiyo miaka yote, wala Mac haijawa jalala.

Wapo watu wenye ulimi mbaya, nakuomba usiwasikilize, wanaosema sababu ni biashara. Kwamba kishikwambi kikifanya kazi yote, nani atanunua na Mac? Kwamba programu zikipita nje ya App Store, ile asilimia 15 hadi 30 itakatwa wapi? Mimi nimewakatalia. Nimewaambia kampuni ya heshima kama yenu haiwezi kumnyima karani wa samaki hesabu yake kwa ajili ya kamisheni. Nakuomba unithibitishie kwa vitendo, nisije nikaumbuka mbele yao.

Ulaya, nasikia, mmeshalegeza. Aprili 2024 Tume ya Ulaya iliiweka iPadOS miongoni mwa mifumo inayobanwa na sheria yake ya masoko ya kidijitali, na tangu Septemba mwaka huo mwenye iPad aliyeko Paris anaweza kupata programu kutoka duka lisilo lenu. Paris ingali imesimama. Julai 2024 mliikubali pia UTM SE, programu inayoigiza kompyuta nzima ndani ya iPad, baada ya kuikataa mwezi mmoja kabla. Inafanya kazi, ila kwa kujikokota, maana kanuni zenu haziiruhusu kupita njia ya haraka ambayo chipu inayo. Haya yote yanatuonyesha kwamba jambo linawezekana pale mwenye nguvu anapokutana na mwenye sheria. Sisi hatuna Tume ya Ulaya. Tuna adabu tu, ndiyo hii ninayoitumia.

Kwa unyenyekevu wote, basi, naomba mambo matatu.

La kwanza, iPad zote zenye chipu za M zipewe hiari ya kuendesha macOS zinapounganishwa na kibodi na kipanya. Na kama hilo ni zito, basi mruhusu angalau programu za kuigiza kompyuta zitumie nguvu yote ya chipu, ili QGIS, R na nyinginezo zifunguke bila kujikokota.

La pili, ruhusa mliyompa mtu wa Paris mpeni na mtu wa Nchelenge. Ofisi ya takwimu, hospitali au idara ya uvuvi iweze kuweka programu yake yenyewe kwenye iPad iliyoinunua, kwa dhamana yake yenyewe, kama inavyofanya kwenye Mac.

La tatu ni la wazee. iPad mlizoacha kuzipa masasisho huishia barani kwetu kama mitumba, kioo kizima, betri ikiwa bado ina uhai, lakini programu mpya zimezikataa. Siku mnapoacha kuihudumia iPad, ifungulieni kufuli ili anayeimiliki aweke Linux au chochote atakachoona kinafaa. Hamtapoteza mteja, kwa kuwa mlikuwa mmekwisha kuachana naye.

Na kwa kuwa barua hii ni ya wazi, wengine wanaisoma. Niseme neno kwa wizara, miradi na mashirika yanayonunua vishikwambi kwa maelfu, viwe vya Apple, vya Samsung au vya kiwanda kisicho na jina. Kabla ya kusaini mkataba ulizeni swali moja: ripoti itaandikiwa kwenye chombo gani, na nani ataiandika? Kama jibu ni kwamba itaandikwa kwingine, na mtu mwingine, mmelipia nusu ya kazi, na nusu hiyo ndiyo iliyo rahisi. Wekeni sharti la nusu ya pili ndani ya zabuni. Watengenezaji huwa wapole sana mbele ya zabuni, kuliko wanavyokuwa mbele ya barua.

Nisikuchoshe zaidi, Mheshimiwa. Najua una mambo makubwa. Lakini katika hayo makubwa, hili si la kubuni chipu mpya wala kujenga kiwanda. Chipu mmekwisha kuibuni, mfumo mmekwisha kuuandika, na chombo tumekwisha kukilipia. Kilichobaki ni uamuzi. Jibu lako lisiwe refu. Mwaka 2018 neno moja lilikutosha. Safari hii tunaomba liwe ndiyo.

Wako mtiifu, aliyekwisha kukupisha njia,

Msomaji wa takwimu,
Kashikishi, Nchelenge,
Mkoa wa Luapula, Zambia.

Nakala: Wizara, miradi na mashirika yote yanayonunua vishikwambi kwa fedha za umma, kwa taarifa na utekelezaji.